Rahisi Inavunja Upishi: Namna ya Kumchagua Mpangishaji wa Tovuti

Juma hili twataka kusema juu ya jambo ambalo babu zetu hawakulijua, wala hawakuwa na haja ya kulijua, lakini leo limeingia mashuleni, katika vyama vya ushirika na madukani, hata hapa kwetu Base ya Kamina. Jambo lenyewe ni kumchagua mtu wa kututunzia tovuti yetu katika intaneti. Wengi huulizana: Je, tumchukue yule wa bei ya chini au yule wa bei ya juu? Sisi twaona swali hilo si baya, ila halijatimia. Bei haipimwi peke yake, kama vile mzani haupimi kitu ukiwa na sahani moja tu. Katika sahani ya pili sharti tuweke hasara itakayotupata siku ile huduma itakapotukosa.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, kwa ajili ya wale wasiolijua. Tovuti ni maandishi na picha zinazokaa ndani ya kompyuta. Kompyuta hiyo, iitwayo seva, yatakiwa kuwaka usiku na mchana. Yahitaji umeme usiokatika, yahitaji kupoozwa isipate joto la kupita kiasi, yahitaji njia pana ya intaneti, tena yahitaji kulindwa na wezi. Ni wachache wawezao kuitunza kompyuta ya namna hiyo nyumbani mwao. Kwa hiyo twapanga nafasi katika kompyuta za kampuni fulani, kama mgeni apangavyo chumba katika nyumba ya mwenyewe. Kampuni hiyo ndiyo tunayoiita hapa mpangishaji. Na vyumba vyenyewe ni vya namna nyingi. Ziko nyumba za wapangaji wengi, ambamo seva moja huchukua tovuti mamia, kila moja ikilipa kidogo. Ziko nyumba ambamo kila mpangaji ametengewa sehemu yake kwa ukuta. Tena ziko nyumba nzima za mpangaji mmoja. Kadiri unavyokaa peke yako, ndivyo unavyolipa zaidi.

Sasa tutwae mfano. Tuseme shule moja ya hapa Base imekusanya fedha kwa wazazi, huyu franka kidogo, yule franka kidogo, ili ifungue tovuti ya kutangazia matokeo ya mitihani, siku za kufungua shule na hesabu ya ada ya masomo. Wazazi wengine wanakaa karibu. Wengine wako kazini Lubumbashi na Kolwezi, wengine wako Bukama na Malemba-Nkulu. Wote wataitegemea tovuti hiyo. Kamati ya wazazi yakuta wapangishaji wawili. Wa kwanza ataka dola 2 kwa mwezi, wa pili ataka dola 8. Mtu wa haraka atasema: Kwa nini tulipe dola 96 kwa mwaka, na hali twaweza kulipa dola 24? Tutaokoa dola 72!

Lakini tusome mkataba hadi mwisho. Mara nyingi bei ile ya chini ni ya mwaka wa kwanza tu, nayo imeandikwa kwa herufi kubwa. Bei ya kuendelea imeandikwa chini kwa herufi ndogo. Tuseme bei ya kuendelea ni dola 7 kwa mwezi. Basi katika miaka 3 wa kwanza atapokea dola 24, kisha 84, kisha 84, jumla dola 192. Wa pili atapokea dola 288. Tofauti ni dola 96 kwa miaka 3, maana yake dola 32 kwa mwaka, wala si 72 kama tulivyodhani. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: Hesabuni bei ya miaka 3, msihesabu bei ya mwezi wa kwanza. Tena ulizeni kama jina la tovuti, nakala za akiba na anwani za barua pepe zimo ndani ya bei, au zitadaiwa mbali.

Pili, tazameni ahadi ya kuwa hewani. Wapangishaji hupenda kutangaza kwamba tovuti itaonekana kwa asilimia 99 ya wakati wote. Msikiaji hufurahi, maana mwanafunzi akipata alama 99 kwa 100 amefaulu sana. Lakini mwaka mmoja una saa 8,760. Sehemu 1 katika 100 ya saa hizo ni saa 87 na zaidi, yaani siku tatu na nusu na kitu, ambazo tovuti yaweza kuzimika na ahadi isivunjwe. Asilimia 99.9 ni karibu saa 9 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni dakika 53 hivi. Mwaonaje tofauti hiyo? Zaidi ya hayo, ulizeni mpangishaji atalipa nini asipotimiza neno lake. Kwa kawaida hurudisha sehemu ya kodi ya mwezi ule, basi. Ukilipa dola 2 kwa mwezi, utarudishiwa senti. Tovuti ikizimika siku ya matokeo, senti hizo hazitamfariji mzazi aliyeko Malemba-Nkulu, ambaye amenunua vocha ya simu ili ajue kama mwanawe amefaulu.

Tatu, jihadharini na neno hili: bila kikomo. Hakuna ghala lisilo na kuta. Mpangishaji akisema nafasi haina kikomo, someni masharti ya matumizi, nanyi mtakuta kikomo chenyewe kimefichwa mahali pengine: katika hesabu ya mafaili, au katika kazi ambayo kompyuta itakubali kuwafanyia kwa wakati mmoja. Shule ya mfano wetu haina watu wengi mwaka mzima. Lakini siku ya matokeo watu elfu moja watabisha hodi kwa saa moja. Ulizeni jambo hilo mapema: Siku hiyo mtatufungia mlango, au mtatuongezea nafasi? Na kwa bei gani?

Nne, pimeni watu kabla ya kupima mashine. Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wako watu wengi wanaowasifu wapangishaji katika intaneti, na baadhi yao hupewa ujira kwa kila mteja wanayemleta. Sifa za namna hiyo ni kama sifa za dalali. Njia iliyo bora ni kumjaribu mpangishaji ninyi wenyewe kabla hamjatoa fedha. Mwandikieni swali moja la kweli, usiku au siku ya Jumapili, kwa lugha mtakayoitumia siku ya taabu. Tazameni amejibu baada ya saa ngapi, na kama aliyejibu ni mtu aliyelielewa swali. Kwa maana katika dola zile 8, sehemu kubwa ni mshahara wa mtu wa kuamka usiku. Anayelipwa dola 2 kwa mwezi hawezi kuwaajiri watu wengi wa kuamka.

Tano, ulizeni nyumba yenyewe iko wapi. Sisi wa Kamina twajua reli. Njia za Lubumbashi, za Ilebo na za Kalemie hukutana hapa kwetu. Je, mtu wa Base anayetaka kufika mjini Kamina ataona vema apelekwe kwanza Lubumbashi, ndipo arudishwe? Ndivyo ilivyokuwa zamani kwa barua za intaneti katika nchi zetu. Barua ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda nyingine ya Nairobi, kama ofisi hizo zilitumia kampuni mbili mbalimbali, iliweza kuvuka bahari kisha ikarudi. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana, kiitwacho KIXP, ili habari za nchini zibaki nchini. Telkom Kenya ikalalamika, kituo kikafungwa baada ya muda mfupi, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Nchini kwetu Kinshasa ilipata kituo chake, KINIX, mwaka 2012, na baadaye Lubumbashi nayo ikapata chake. Kwa hiyo seva iliyo Lubumbashi au Nairobi yaweza kumjibu mtu wa kwetu upesi kuliko seva ya Marekani, hata ikiwa kodi yake imezidi kidogo. Lakini msiamini neno tupu. Fungueni kwa simu zenu tovuti mbili tatu zilizoko kwa mpangishaji huyo, mkiwa hapa hapa Base, mwone kwa macho yenu.

Hata hivyo tuwe watu wa haki. Si kila kuzimika ni kosa la mpangishaji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa dhaifu katika Tanzania, Kenya na Uganda, kwa waliolipa kidogo na kwa waliolipa sana. Tena tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilifungwa nchini mwetu kwa siku karibu 20. Siku kama hizo bei haisaidii kitu. Heri shule iwe bado na ubao wake mlangoni na simu ya mwalimu mkuu.

Sasa twafika katika jambo kubwa kuliko yote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, huko Strasbourg katika Ufaransa, moto ulishika kituo cha OVHcloud, kampuni iliyo miongoni mwa wapangishaji wakubwa wa Ulaya. Jengo moja liliteketea lote, na la pili liliungua kwa sehemu. Hakuna mtu aliyeumia. Lakini tovuti milioni kadhaa zilizimika, na wateja wengine hawakupata tena kamwe vitu vyao. Wako waliokuwa wamelipia nakala za akiba, kumbe nakala hizo ziliwekwa katika jengo lile lile. Ni kama mkulima aliyefunga mbegu zake katika magunia mawili, akayaweka yote mawili chini ya paa moja la nyasi. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya mji wa Lille iliiamuru kampuni hiyo imlipe fidia mteja mmoja kwa sababu hiyo. Lakini fidia ni fedha tu. Haiwezi kuandika upya majina na alama za watoto wa miaka kumi.

Hapo twajifunza kwamba hata jina kubwa na bei nzuri si kinga ya kutosha. Akiba haiozi, lakini sharti ikae mahali pengine. Kila mwisho wa juma, mtu mmoja aliyechaguliwa ashushe nakala ya tovuti yote, aiweke katika kompyuta ya shule, na nyingine katika diski itakayokaa katika nyumba nyingine. Tena mara moja kwa kila muhula ajaribu kuifungua nakala hiyo, aone kama inafunguka. Kazi hiyo haina gharama kubwa, nayo inaokoa kuliko dola 72 zile tulizozigombania.

Kadhalika, jina la tovuti liandikishwe kwa jina la shule, wala lisiandikishwe kwa jina la kijana aliyeitengeneza. Maneno ya siri yawe mikononi mwa watu wawili. Tarehe ya kulipa tena iandikwe katika daftari la mweka hazina, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mkiwa na jina lenu na nakala yenu, mpangishaji mbaya hawezi kuwafunga. Mtahama kwake kama mpangaji ahamavyo na mzigo wake. Msipokuwa navyo, hata mpangishaji wa bei ya chini atawatoza atakavyo.

Basi, tuchague nani? Kama ni kwaya inayotaka kuonyesha picha zake na saa za mazoezi, mpangishaji wa dola 2 atatosha. Akizimika siku mbili, hakuna aliyepotewa na kitu, na haifai kwaya kulipia nyumba ya ghorofa. Lakini kama ni shule ambayo wazazi mia kadhaa wanaitazama siku moja, au chama cha ushirika kinachopokea maagizo ya mahindi kwa njia hiyo, zile dola 32 zaidi kwa mwaka si ubadhirifu. Ni kama bei ya kufuli. Nanyi wanafunzi mliosoma hesabu, wasaidieni wazazi wenu katika kamati hizo. Andikeni katika karatasi safu mbili: huku bei ya miaka 3, huku hasara ya siku moja ya kuzimika. Someni karatasi hiyo mbele ya watu wote waliotoa fedha zao, ndipo mweka hazina afungue sanduku.