Mkwaruzo wa Redio na Hisabati ya Nasibu

Mtu afunguaye redio mahali pasipo na kituo husikia mkwaruzo usiokoma. Wengi hudhani kwamba mkwaruzo huo ni kasoro ya chombo, au ni athari ya radi na mitambo iliyo jirani. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si wote. Iko sehemu ya mkwaruzo ambayo fundi hodari kuliko wote hawezi kuiondoa kabisa. Kwa sababu hiyo, somo la uwezekano halistahili kuachwa mwisho wa mwaka na kufundishwa kwa haraka, kana kwamba ni mchezo wa dadu na sarafu tu.

Mwaka 1928, J. B. Johnson wa Maabara ya Bell nchini Marekani alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kila kipitishi chenye ukinzani hutoa volti ndogo zinazobadilika bila mpango, hata kisipounganishwa na betri. Chanzo chake ni joto, ambalo huzifanya elektroni zisitulie. Mwaka huo huo Harry Nyquist alieleza kanuni yake: wastani wa mraba wa volti hizo huongezeka kwa kadiri ya ukinzani, halijoto, na upana wa masafa yanayopokelewa. Ukinzani wa omu 1,000,000, katika joto la kawaida la chumba na upana wa masafa wa hezi 10,000, hutoa kiasi cha mikrovolti 13. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ishara itokayo mbali yaweza kuwa ndogo zaidi.

Hakuna awezaye kutabiri volti ya nukta ijayo, ila wastani wake twaujua barabara. Basi uwezekano si elimu ya kubahatisha, bali ni elimu ya kupima kadiri ya kutojua kwetu.

Faida yake ilidhihirika katika miaka ya 1964 na 1965, Arno Penzias na Robert Wilson walipokuta mnururisho wa ziada katika antena yao huko Holmdel, New Jersey. Walihesabu kila chanzo kilichojulikana, hata wakawaondoa njiwa waliojenga humo, lakini mvumo ulibaki ule ule kutoka pande zote za anga. Kumbe walikuwa wanasikia mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Wasingalijua kiasi cha kelele walichopaswa kukitarajia, wasingaliitambua ile iliyozidi.

Yawezekana mwalimu akasema kwamba shule yake haina vifaa. Sarafu zatosha. Wanafunzi 25 wapewe namba nzima ya siri. Kila mmoja arushe sarafu mara 10, ajumlishe idadi ya vichwa na namba ile, kisha atangaze jumla. Wenzao wasioijua namba watafute wastani wa majibu yote, kisha waondoe 5. Jibu la mwanafunzi mmoja hukosea kwa kawaida kwa kiasi cha 1.6, bali wastani wa wanafunzi 25 hukosea kwa sehemu ya tano tu ya hicho, yaani karibu 0.3. Mara nyingi namba ya siri itafichuka. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi makosa yao hayategemeani. Kwani kama sarafu zote zimepinda upande mmoja, wingi hautasaidia kitu.

Hapana budi basi walimu wa hisabati na wa fizikia washirikiane katika somo hili. Kijana aliyezoea kudhani kwamba kila kipimo kina jibu moja kamili atatatizika siku atakapoona sindano ya mita ikitikisika mbele yake. Aliyefundishwa uwezekano atauliza: inatikisika kwa kiasi gani, na je, kiasi hicho ndicho tulichotarajia? Swali hilo ndilo mwanzo wa uhandisi.