MSEMAJI HODARI NAYE ATAKA MSHAURI



Wako wasemaji wetu wa siku nyingi wasiotaka kusahihishwa. Wadhani makofi yatosha. Sivyo.

Tarehe 28 Agosti 1963, mjini Washington, Dr. Martin Luther King alikuwa amekwisha kuhubiri miaka mingi. Alipokuwa akisoma hotuba yake, mwimbaji Mahalia Jackson alimpazia sauti awaambie watu habari za ile ndoto. Punde akaiacha karatasi, na maneno yale ndiyo yakumbukwayo hata leo.

Sisi je? Mbele ya mwajiri, neno moja ovu laweza kuharibu madai ya wote. Kila msemaji na achague mwenzake wa kumwambia kweli baada ya mkutano. Hata dereva wa treni wa miaka 20 hutazama ishara.