Ukimya Nao ni Sala



Wapendwa katika Kristo, limeota mizizi katika maparokia mengi zoea ambalo hatuna budi kulikemea, nalo ni kuuogopa ukimya. Padre anasema "Tuombe", na kabla waamini hawajavuta pumzi amekwisha kuianza sala. Somo likiisha, kinanda kinadakia. Komunyo ikimalizika, kwaya inaongeza wimbo wa pili na wa tatu, kisha msoma matangazo anashika kipaza sauti na kutaja michango. Muumini aliyempokea Bwana hapati hata dakika moja ya kumkaribisha.

Wapo wanaojitetea: "Sisi Waafrika tunasali kwa ngoma na vigelegele, ukimya ni wa Wazungu." Hoja hiyo haina msingi. Ni nani kati yetu aliyelelewa kumkatiza mzee anapozungumza? Mkwe akiingia, nyumba nzima hutulia. Iweje tumnyime Mungu heshima tunayompa mkwe?

Wengine husema kwamba Kanisa lenyewe linaruhusu wimbo baada ya Komunyo. Ni kweli. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma (na. 88) yanaruhusu zaburi au wimbo wa sifa unaoimbwa na jumuiya yote. Lakini namba hiyohiyo inataja kwanza sala ya kimya ya padre na waamini, na namba ya 45 inauhesabu ukimya mtakatifu kuwa sehemu ya adhimisho. Matangazo nayo, mahali pake ni baada ya sala inayofuata Komunyo, si kabla yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963 (na. 30), ulihimiza nyimbo na maitikio, na papo hapo ukaagiza ukimya. Anayenyamaza, basi, hajaacha kushiriki.

Nabii Eliya pale Horebu alipitiwa na upepo mkali, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo. Ilipokuja sauti ndogo, tulivu, ndipo alipoufunika uso wake (1Fal 19:11-13). Je, angeisikia katikati ya spika zetu?

Mfikirieni mjane aliyemzika mumewe juma lililopita. Nyumbani kuna wageni, njiani kuna redio za daladala. Kanisani amekuja na neno moja tu la kumwambia Mungu, nasi tunamnyang'anya nafasi ya kulisema.

Kwa hiyo, kuanzia Jumapili hii, Komunyo ikimalizika, kwaya yetu itaketi, nami nitaketi. Usitafute maneno mengi. Litaje polepole jina la Yesu. Mawazo yakitangatanga, yarudishe bila kujilaumu. Mtoto akilia, mwacheni alie. Sisi wengine tunyamaze, tumsikilize Yeye aliyekuja kwetu.

Mungu awabariki.