Ulinzi wa Vijana Uanzie Darasani

Kazi yetu askari ni kulinda raia na mali zao. Lakini uko uhalifu ambao hutufikia ukiwa umekwisha komaa, nao ni ukatili baina ya vijana wapendanao. Mvulana humpiga msichana kwa wivu, humnyang'anya simu ili asome habari zake, humkataza kuongea na wenzake. Na msichana huyaita hayo mapenzi, kwa kuwa hakuna aliyemweleza vingine.

Nchini Rwanda vita hivi havikuanza jana. Sheria ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia ilitungwa mwaka 2008. Mwaka 2009 kituo cha Isange kilifunguliwa katika Hospitali ya Polisi ya Kacyiru, hapa Kigali, ambako aliyedhulumiwa hupata daktari, mshauri na mpelelezi mahali pamoja. Baadaye vituo hivyo vilienezwa katika hospitali za wilaya.

Hata hivyo, Isange humpokea mtu akiwa amekwisha kuumizwa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwilini hupotea upesi. Msichana asiyejua kwamba alilotendewa ni kosa hatafika kwa wakati. Ujuzi huo hauna budi kumfikia mapema, akiwa bado darasani.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2016 uliingiza elimu ya jinsia na mahusiano ndani ya masomo mengine. Hatua hiyo ni njema, ila jambo lililokabidhiwa walimu wote huweza kukosa mwenyewe. Yafaa basi kuangalia njia zilizokwisha kujaribiwa. Mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulizaliwa mpango wa Tuseme, ambao huwafundisha wanafunzi kutaja matatizo yao kwa michezo ya kuigiza. Vilabu vyake vimefika hata Rwanda. Huko North Carolina, Marekani, mpango wa Safe Dates ulijaribiwa katika miaka ya 1990 kwa masomo 10 na mchezo wa kuigiza. Miaka 4 baadaye, waliofundishwa waliripoti ukatili mdogo kuliko wenzao wasiofundishwa.

Wako wanaodai kwamba elimu hii inawafunza watoto uchumba. Sisi tunasema uchumba hawakungoja mwalimu. Wanachokosa ni kujua kwamba wivu si kipimo cha mapenzi, kwamba zawadi si deni, na kwamba neno "sitaki" halihitaji maelezo. Wavulana nao wafundishwe, maana ngumi isiyorushwa haihitaji mpelelezi.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Sheria ya mwaka 2018 iliweka kifungo cha miaka 20 hadi 25 kwa mtu mzima anayelala na mtoto aliye chini ya miaka 18, hata mtoto huyo akisema ameridhia. Mshahara na sare havimpi askari ruhusa yoyote mbele ya msichana wa shule, vyamwongezea dhamana. Tukialikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi, maneno yetu yatapimwa kwa mwenendo wetu mitaani. Raia hawezi kumletea siri yake mlinzi anayemwogopa.