Kabla Hujalipa Kilemba cha Mgahawa

Mama mmoja wa jumuiya yetu alitujia baada ya ibada, uso umemshuka. Akiba yake ya miaka minne alikuwa amemlipa mwenzake aliyehamia mkoa mwingine, ili amwachie mgahawa wa meza sita, masufuria na wateja wake. Leseni ilikuwa ukutani, ndani ya fremu. Wiki ya tatu akaja afisa afya, akaisoma, akamwuliza, "Mama, huyu aliyeandikwa hapa ni wewe?" Mgahawa ukafungwa siku ile ile, na sufuria la maharage likagawiwa majirani.

Akina mama wapendwa, unapolipa kilemba unanunua vyombo na wateja. Vibali havimo. Hapa kwetu Tanzania leseni ya mgahawa hutolewa na halmashauri kwa jina la mwombaji, na namba ya mlipa kodi, yaani TIN, ni ya mtu mwenyewe, nayo hutolewa na TRA. Basi kabla fedha haijatoka mkononi, nenda kwa afisa biashara na afisa afya wa eneo hilo, waombe wakueleze jengo lile linadaiwa nini. Wapo ambao bado wanaulizia TFDA. Tangu mwaka 2019 mambo ya usajili wa majengo ya chakula yako chini ya TBS. Na mwenye nyumba usimsahau. Utatakiwa mkataba wa pango wenye jina lako, na huenda aliyekuachia ameacha deni la kodi. (Baba watoto naye ajulishwe mapema, asije akasikia habari hizi sokoni.)

Afisa afya ataangalia choo, maji safi, mahali pa kunawa mikono, sakafu inayosafishika, na taka zinakwenda wapi. Hayo mama yeyote anayejua jiko atayaweza.

Linalotusumbua sisi wauguzi ni kupima afya. Kila anayeshika chakula, hata binti anayeosha sahani, hupimwa, na hurudia kila baada ya miezi sita. Wengi hutuambia, "Sisi hatuumwi, kwa nini tutoe choo kipimwe?" Wengine, tunasikitika kusema, hutafuta kadi bila kupimwa.

Chuoni tulifundishwa habari za Mary Mallon, mpishi wa New York. Alikuwa mzima, mwenye nguvu, huku akibeba vijidudu vya homa ya matumbo, na familia alizozipikia zikaugua. Mwaka 1907 alitengwa. Akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi kwamba hatapika tena. Mwaka 1915 alikutwa anapika kwa jina jingine, tena katika hospitali ya wazazi! Hakuwa mwanamke mbaya. Kupika ndiko kulikomlisha, wala hakuamini kwamba mtu asiyeumwa anaweza kuuguza wengine. Ndivyo wanavyofikiri wengi wanaotukatalia kile kikopo.

Mama yetu ameanza upya. Amekwenda kupimwa pamoja na wasaidizi wake wawili; mmoja amekutwa na minyoo, anatumia dawa, na hatagusa sahani mpaka apimwe tena. Maombi ya leseni yako halmashauri. Jana tulipita pale tukamkuta anapaka chokaa ukuta wa jikoni, na ile fremu ameigeuza uso ukutani.