Mali Bila Daftari

Methali husema kwamba akiba haiozi. Yamkini ni kweli kwa fedha, na hapana shaka ni kweli kwa elimu. Lakini kwa sauti si kweli hata kidogo. Santuri za zamani huvunjika kama vigae. Utepe wa sumaku uliotengenezwa kwa asetati hunywea, hukauka na kutoa harufu ya siki. Santuri ya plastiki hulika kila mara sindano ipitapo juu yake. Mtu atiaye sauti kabatini na kuifunga kwa kufuli, akidhani ameihifadhi, ni mfano wa mtu aliyefungia barafu sandukuni: ufunguo anao, barafu hana.

Mfano huu wawahusu wakusanyaji wa santuri ambazo hazichapwi tena, na hasa wale wanaosaka kazi za viongozi wakubwa wa okestra za Ulaya. Miongoni mwao hakuna kundi lenye juhudi kuliko watafutaji wa kazi za Wilhelm Furtwängler, na hakuna mahali ambapo wema na ubaya wa ukusanyaji huonekana wazi kama hapo. Juhudi yao imeokoa mengi. Lakini wapo kati yao wenye tabia moja inayoharibu kilichookolewa, nayo ni kuidhania milki kuwa ndiyo hifadhi.

Furtwängler alizaliwa Berlin mwaka 1886, akaanza kuiongoza Berliner Philharmoniker mwaka 1922, akafa mwaka 1954. Studio hakuipenda. Katika siku za santuri za kale upande mmoja ulichukua dakika nne hivi. Sinfonia ikakatwakatwa vipande kama mkate, na wapigaji wakasimama kila kipande kilipokwisha. Kwake yeye muziki ulikuwa mto, na mto haukatwi. Mwendo wake haukufuata mapigo ya saa. Uliongezeka na kupungua kwa kadiri ya usiku, ukumbi na wasikilizaji. Kwa hiyo Sinfonia ya Tano ya Beethoven aliyoinasa mwaka 1926, ile ya mwaka 1937, ile ya Juni 1943 katikati ya vita, ile ya Mei 1947 aliporudi mbele ya watu wa Berlin, na ile ya Vienna ya mwaka 1954, zote ni watoto wa baba mmoja, walakini sura zao ni mbalimbali. Wapo wanaocheka na kuuliza kwa nini mtu mwenye akili zake anunue wimbo mmoja mara tano. Hawajui wanachokicheka. Anayesoma nakala tano za utenzi mmoja ili aone ambapo mikono ya waandishi iliachana, haitwi mwendawazimu, huitwa mwanachuoni. Katika kutafuta, basi, mkusanyaji ana haki kamili. Lakini haki ya kutafuta haizai haki ya kuficha.

Yafaa kukumbuka jinsi sehemu iliyo bora ya hazina hii ilivyookoka. Mwaka 1940 mafundi wa redio ya Ujerumani waligundua njia ya kuusafisha utepe wa mashine ya Magnetophon, hata sauti ikatoka bila mchakacho wa zamani, na kazi ndefu ikaweza kunaswa bila kukatwakatwa. Katika miaka ya vita fundi Friedrich Schnapp alizinasa hivyo tamasha za Furtwängler huko Berlin. Ukumbi wa Philharmonie ulianguka kwa mabomu Januari 1944. Tamasha zikahamia kumbi nyingine. Januari 1945, umeme ulipokatika katikati ya sinfonia ya Mozart, watu walingoja gizani hata ukarudi. Katika sauti za tamasha hiyo, kilichobaki ni sehemu ya mwisho ya Sinfonia ya Kwanza ya Brahms. Kiongozi alikimbilia Uswisi, na miezi michache baadaye Jeshi Jekundu likaingia mjini, likazichukua tepe za nyumba ya redio na kuzipeleka Moscow.

Huko zilikaa zaidi ya miaka 40. Mlinzi alikuwapo, ghala lilikuwapo, kufuli ilikuwapo. Wasikilizaji wa nje hawakuwapo. Lau mambo yangaliishia hapo, hazina hii ingalikuwa kama kwamba haiko. Lakini kampuni ya Melodiya ilichapa baadhi ya tepe hizo kwenye santuri, na santuri hizo, nyingine zikiwa na karatasi duni na maelezo haba, zikavuka mipaka katika mizigo ya wasafiri. Watu wa Uingereza, Ufaransa na Japani wakazisikia, wakazinakili, wakaunda vyama. Chama cha Ufaransa kilianzishwa mwaka 1969, kikatoa santuri kwa ajili ya wanachama wake. Mwaka 1987 Moscow ilirudisha Berlin nakala za tepe, na baadaye kidogo tepe zenyewe nyingi zikafuata. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Berliner Philharmoniker wenyewe walizitoa sauti za redio za miaka 1939 hadi 1945 katika sahani 22. Aitazamaye habari hii kwa makini ataona kwamba kufuli ya Moscow ilizizuia tepe zisipotee, lakini kilichozirudishia uhai ni nakala zilizotembea mikononi mwa watu. Ufichaji ulikuwa usingizi. Unakili ndio uliokuwa mwamko.

Sasa mkusanyaji mfichaji aje ajitetee. Atasema kwamba alilipa kwa fedha zake. Kweli, alilipa, lakini alichonunua ni kipande cha plastiki, na sauti iliyomo ilitokana na pumzi na mikono ya watu mia ambao hakuwalipa hata senti. Atasema anaogopa wezi watakaonakili na kuuza. Hofu hiyo ina msingi, maana soko limejaa wachuuzi wa namna hiyo. Lakini mchuuzi hushiba kwa uhaba, na anayemtengenezea uhaba ni mfichaji huyo huyo. Mwisho atasema, kama ni mkweli, kwamba thamani ya kitu chake itashuka siku wengine watakapokisikia. Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Mtu huyu hapendi muziki. Anapenda kuwa peke yake nao.

Dhara la ufichaji halikomi kwenye ukimya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walisema kweli kupita walivyodhani, kwa maana mali ya sauti isipoandikwa vizuri hupotea hata ikiwa mkononi. Kwa muda mrefu Sinfonia ya Dvořák iitwayo Ulimwengu Mpya iliuzwa na kusifiwa kwa jina la Furtwängler. Wasikilizaji waliisikia humo roho yake, wakaijadili, wakailipia. Kumbe aliyeiongoza alikuwa Oswald Kabasta pamoja na okestra ya Munich. Kabasta alikuwa mfuasi wa chama cha Nazi. Baada ya vita alikatazwa kazi, akajiua mwaka 1946. Hapana lazima ya kumlilia. Lakini hata mtu wa namna hiyo hastahili kunyang'anywa kazi yake na kupewa mwingine kwa sababu tu jina la mwingine lina bei. Na msikilizaji aliyelia machozi kwa jina badala ya sauti alidanganywa mara mbili.

Santuri ya Sinfonia ya Tatu ya Beethoven, iliyonaswa Vienna Desemba 1944 na kutolewa na kampuni ya Urania mwaka 1953, ni funzo la pili. Ilichapwa kwa mwendo usio wake, sauti ikapanda juu ya kimo chake cha haki. Na wapo hata leo wanaothamini nakala ya kwanza yenye kosa hilo kuliko nakala iliyosahihishwa, kwa kuwa ya kwanza ni adimu. Wanathamini kosa kwa uzito wa dhahabu! Funzo la tatu ni Sinfonia ya Tisa ya Bayreuth ya tarehe 29 Julai 1951. Kampuni ya EMI iliitoa mwaka 1955, na kwa zaidi ya nusu karne watu waliamini kwamba hiyo ndiyo tamasha ile. Baadaye ukatokea utepe wa redio ya Bavaria ambao haukulingana nayo, na mwaka 2021 ikatolewa sauti iliyopokewa na redio ya Sweden usiku ule ule. Ubishi ukawaka: kipi kilipigwa mbele ya watu, na kipi kilitoka kwenye mazoezi? Swali hili lilingoja muda huo wote kwa sababu sauti za kulinganisha zilikuwa zimelala. Ushahidi mmoja haupingwi, huaminiwa tu. Kweli hupatikana pale mashahidi wawili wanapowekwa uso kwa uso.

Mfichaji ana ndugu yake mkubwa, naye ni mwenye hakimiliki ambaye hachapi wala haruhusu kuchapwa. Haifai kumwonea. Furtwängler mwenyewe alikwenda mahakamani kuipinga santuri ya Urania, na ikaondolewa sokoni. Alikuwa na haki: alikuwa hai, kazi ilikuwa yake, na hakuulizwa. Lakini haki ya msanii aliye hai ni jambo moja, na ukimya wa kampuni baada ya wote waliopiga kufa ni jambo jingine. Mwaka 2011 Ulaya ilirefusha ulinzi wa sauti zilizochapishwa, kutoka miaka 50 hadi 70. Marekani, kwa sheria ya mwaka 2018, iliweka miaka 110 kwa zile zilizochapishwa kati ya 1947 na 1956. Miaka mia na kumi! Mpigaji amekufa, mwanawe amekufa, na mjukuu wake amezeeka. Sheria hiyo hiyo ilifungua mlango mdogo: atakayetafuta kwa bidii na kuona kwamba sauti haiuzwi popote, aweza kutoa taarifa na kuitumia bila faida. Mlango huo ni mwembamba, lakini umekiri jambo kubwa, ya kwamba mali isiyotumiwa na mwenyewe haina sababu ya kuwanyima wengine. Sheria ya haki ingalianzia hapo, na kumwambia mwenye hakimiliki: chapa, au ruhusu.

Limebaki kundi moja, nalo lina hoja nzito kuliko mengine. Hao husema sauti za vita ziachwe zife. Furtwängler alibaki Ujerumani. Kweli, mwaka 1934 alimtetea Hindemith hadharani na kuacha vyeo vyake; lakini mwaka uliofuata alirudi jukwaani. Tarehe 19 Aprili 1942 aliongoza Sinfonia ya Tisa, wimbo wa udugu wa wanadamu wote, katika sherehe ya mkesha wa siku ya kuzaliwa kwa Hitler. Mahakama ya kuwasafisha waliokuwa chini ya Nazi ilimwachilia mwishoni mwa mwaka 1946, lakini dhamiri za watu wengi hazikumwachilia, wala hazilazimiki. Ya nini, basi, kuhifadhi sauti kama hizo?

Ni kwa sababu hizo hizo. Mwenye kufuta ushahidi humsaidia mshitakiwa. Sauti ya mwaka 1942 ndiyo inayomwonyesha msikilizaji jinsi uzuri uwezavyo kukaa meza moja na udhalimu bila kutoa neno, na kwamba mtu aweza kuutetemesha moyo wa mwenzake na bado asimwokoe jirani. Somo hili halipatikani kwa kusimuliwa, husikika. Lakini lina sharti, nalo lawarudia wakusanyaji: sauti isitolewe bila daftari lake. Anayesifu ubora wa tepe hizo na kunyamaza kwamba okestra ile ilikuwa imekwisha kuwapoteza wapigaji wake Wayahudi, kama Szymon Goldberg, kiongozi wa fidla aliyeondoka mwaka 1934, amehifadhi nusu na kuizika nusu. Tarehe, ukumbi, waliokuwapo na waliofukuzwa, yote ni sehemu ya santuri.

Basi wajibu wa mkusanyaji hauhitaji maneno mengi. Aandike alichonacho, alikokipata, na anachokitilia shaka. Anakili kabla siki haijaanza kunuka. Amsikilizishe anayeuliza, na kwanza mwanafunzi asiye na fedha. Mwenye kukosoa orodha yake amshukuru, maana amemwongezea mali. Na aandike wasia, kwa kuwa warithi wengi hawajui tofauti ya utepe na takataka. Makusanyo mangapi yaliyojengwa kwa miaka 40 yamekwisha jalalani kwa asubuhi moja! Maktaba na vyuo navyo vifungue milango, visipokee mizigo hii kama mtu apokeaye vyombo vya marehemu, kwa kuivumbika stooni bila kuiorodhesha.

Akifanya hayo, mkusanyaji atastahili heshima, na anayemcheka atastahili kunyamaza. Asipoyafanya, tofauti yake na moto ulioiteketeza Philharmonie ni moja tu: moto ulimaliza kazi kwa usiku mmoja, yeye anaifanya polepole.