Kifafa Si Pepo

Ndugu msomaji, katika nyanda za juu za Ngorongoro mfugaji amwonapo mbuzi akizunguka mahali pamoja kama mlevi, hana haja ya kumtafuta mchawi. Wamaasai huyaita maradhi hayo ormilo. Fuvu lipasuliwapo, ubongoni huonekana kifuko cha maji. Ni kiluwiluwi cha tegu, ambaye mayai yake hutoka katika kinyesi cha mbwa.

Lakini binadamu aangukapo kifafa, twasema ni pepo. Kwa nini?

Karatu na Mbulu, jirani na hapo, hufugwa nguruwe. Uchunguzi wa Helena Ngowi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta vifuko vya tegu katika nguruwe wapatao 17 kwa kila 100 waliopimwa Mbulu. Mtu alaye nyama hiyo isiyoiva hupata tegu tumboni, na mayai hutoka na choo chake. Yakirudi kinywani kwa mikono michafu, maji au mboga, hata asiyekula nguruwe aweza kupata vifuko ubongoni. Kifuko kinapokufa mwili hukishambulia. Seli za ubongo zilizokizunguka hutaabika, na kifafa huzuka.

Si kila kifafa hutokana na tegu. Lakini hakuna kifafa kiambukizacho kwa kugusa. Basi tutumie vyoo, tunawe mikono, tuivishe nyama, na mgonjwa apelekwe hospitali wala asiache dawa. Na aangukapo karibu na moto, ndugu, usimkimbie. Mvute.